Tuma na ya Kutolea: Noti, Kadi na Simu katika Uwanda wa Ufipa



Mada niliyopewa ni pesa taslimu na kadi: ipi inamfaa mtu katika maisha ya kila siku. Nimeipokea, ila naomba ruhusa ya kuisogeza kidogo. Hapa Sumbawanga kadi ni kitu cha mwisho wa mwezi. Mwalimu, nesi na askari wanapanga foleni mbele ya mashine ya benki, wanatoa noti, wanakwenda nazo sokoni kununua unga na maharage. Dukani hakuna anayewauliza kama wana kadi. Kadi kwetu ni ufunguo wa kabati la noti. Kinachoshindana na noti Ufipa ni simu, na ushindani huo umetupatia maneno matatu ambayo ndiyo mhadhara wangu wote: "na ya kutolea".

Kila mmoja wenu ameyatamka. Mtoto yuko chuoni Mbeya anapiga: "Baba, nitumie elfu hamsini na ya kutolea." Fundi amemaliza kuezeka, anakupa namba yake na kukukumbusha: "Usisahau ya kutolea." Ukituma hamsini kavu, umetuma pungufu, na mwenzako atanyamaza kwa heshima tu. Adabu hii haikufundishwa na benki wala kampuni ya simu. Watu waliitunga wenyewe walipogundua kwamba pesa ikibadili umbo, kuna kitu kinakatwa, na kwamba ni haki kuulizana mapema nani atabeba makato hayo. Naomba tutembee na swali hilo tangu zamani mpaka leo: ya kutolea, nani analipa?

Zamani za jembe, jibu lilikuwa rahisi. Wafipa walikuwa mafundi wa chuma. Mabaki ya malungu, yale matanuri marefu ya udongo yaliyokipita kimo cha mtu, bado yanaonekana katika vijiji kadhaa vya uwanda huu. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena katika tanuri dogo, kisha kikafuliwa. Jembe lililotoka hapo lililima, na pia lilikuwa mali ya kubadilishana na ya kutolea mahari. Ukiwa na jembe mkononi, thamani iko mkononi. Likikosa mnunuzi, unalimia. Hakuna mtu katikati anayekata chake ili jembe liwe jembe.

Kisha wakaja Wajerumani na sarafu, na lugha yetu imehifadhi safari yote hiyo. Neno "pesa" lilifika pwani kutoka India kwa njia ya biashara. Kampuni ya Kijerumani iliyotawala kwanza ilianza mwaka 1890 kupiga sarafu za shaba zenye jina hilo, pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia ikagawanywa kuwa heller 100. Heller ndiyo "hela" yetu. Kila mtu akisema "sina hela" anataja sarafu ya Kijerumani iliyokufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Mwaka 1916, vita ilipobana, karakana ya Tabora ilipiga sarafu za heller kwa shaba ya maganda ya mizinga. Jirani zetu ng'ambo ya mpaka, Wabemba, wanasema "indalama", na wengi wanakubali kwamba neno hilo ni dirhamu ya Waarabu iliyotembea mpaka kwao. Na "fedha" ni neno la Kiarabu la madini yenyewe.

Maneno yalitufikia kwa upole kuliko sarafu. Sheria ya kodi ya nyumba ya mwaka 1897, iliyoanza kutekelezwa mwaka 1898, ilikusudia pamoja na mambo mengine kumlazimisha mkulima kuitafuta rupia. Mzee wa Ufipa mwenye ghala limejaa ulezi hakuwa maskini, lakini mbele ya boma la Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo, aligeuka kuwa mdaiwa. Ili ulezi wake uwe rupia, ilimbidi auze kwa bei ya mwenye sarafu, au aondoke. Waliondoka. Wakati wa Mwingereza vijana wa uwanda huu walikwenda kwenye mkonge wa Tanga, wengine kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, na waliorudi walirudi na shilingi chache na kifua kibovu. Hiyo ndiyo ya kutolea ya kwanza iliyolipwa Ufipa. Ililipwa kwa miguu.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi tunaambiwa kwamba pesa taslimu ndiyo desturi yetu ya kale na simu ndiyo mgeni. Taslimu nayo ilikuja kama mgeni, tena mgeni aliyeshika mjeledi.

Sasa niwasimulie habari ya shangazi yangu. Anaishi upande wa Mpui, na Januari 2025 alisikia redioni tangazo la Benki Kuu: noti za zamani, matoleo ya mwaka 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi mia tano ya mwaka 2010, zitapokelewa na kubadilishwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili, baada ya hapo basi. Alikaa kimya wiki nzima. Kisha akanitumia mjukuu. Nilipofika alinionyesha kopo la maziwa ya unga, ndani yake noti za elfu kumi kumi, kumi na mbili, zimefungwa kwa uzi na kunuka moshi. Alizificha juu ya dari tangu mwaka 2002, fedha ya mtamba aliyekusudia kumnunua, kisha marehemu mjomba akaugua, mambo yakaingiliana, na kopo likabaki.

Tulikwenda nazo mjini, zikabadilishwa bila tatizo. Laki moja na ishirini ziliingia, laki moja na ishirini zikatoka, mpya, hata hazijakunjwa. Ila mwaka 2002 fedha ile ilikuwa mtamba. Mwaka 2025 ilikuwa mbuzi mmoja, tena wa kubembelezana bei. Hakuna mwizi aliyepanda dari. Nikamwambia, kwa ujinga wa mtu aliyesoma hesabu, "Shangazi, zingekuwa benki zingezaa." Akanijibu, "Mwanangu, benki ilikuwa wapi?" Kweli, ilikuwa Sumbawanga mjini, nauli kwenda na kurudi, siku nzima shamba limelala, na mtu mwenye kitambulisho cha kukubalika. Kopo lilikuwa juu ya kichwa chake, bure. Bure hiyo ilimgharimu ng'ombe, lakini gharama hiyo haina risiti, ndiyo maana hatuioni.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba noti haina makato. Noti inakatwa polepole na bei za vitu, inakatwa na noti bandia siku ya mnada usiku ukiingia, inakatwa na chenji inayogeuka kuwa peremende. Na inakatwa na hofu. Nilipokuwa mtunza hazina wa chama cha msingi, miaka ya tisini, malipo ya wakulima tuliyapandisha kwenye lori ndani ya gunia la maharage, noti katikati, maharage juu na chini, nami nimekaa juu ya gunia hilo kama abiria wa kawaida. Barabara ya vumbi, baridi ya Juni inayopasua midomo. Kila tulipopunguza mwendo kwenye kona moyo wangu ulikuwa mdomoni. Nikifika kijijini nilikuta watu wamekaa toka asubuhi, na nilipofungua gunia walipiga makofi. Sijasahau makofi hayo, wala sitaki mtu mwingine yeyote akalie gunia la namna ile.

Ndiyo maana M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya, mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi mapema. Msiba ukitokea Laela, mtoto aliyeko Dar es Salaam rambirambi yake inafika kabla ya jeneza. Zamani angempa konda wa basi bahasha na kumwombea konda uaminifu.

Lakini twendeni kwa wakala, maana hapo ndipo simu inapokutana na ardhi. Tunazungumza kana kwamba pesa ya mtandao haina uzito. Miezi ya Julai na Agosti, mahindi yakiuzwa, kijiji kizima kinataka kutoa. Wakala ana floti imejaa kwenye simu lakini keshi imeisha saa nne asubuhi. Ikifika Oktoba na Novemba, watu wanataka mbolea na mbegu, wanaweka na kutuma, sasa keshi imemjaa kwenye droo na floti hana. Mara mbili kwa mwaka anakwama, kila mara kwa upande wa pili. Afanye nini? Anapanda bodaboda au basi mpaka mjini, na milioni mbili tatu zimefungwa kiunoni chini ya sweta. Yaani lile gunia la maharage nililolikalia halikuondoka Ufipa. Limehamia kwa binti wa miaka ishirini na minne mwenye kibanda cha mabati na kiti cha plastiki, na kamisheni yake ni shilingi mia mia. Huko bondeni, ukiteremka Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze na Mtowisa, safari yake ni ndefu zaidi na mtandao wenyewe huja ukipenda. Tukilipa ya kutolea, sehemu yake ni ujira wa binti huyu kwa hatari anayoibeba kwa niaba yetu, na kwa kweli naona sehemu hiyo ni ndogo mno.

Mwaka 2021 serikali ikaongeza mkono wa tatu kwenye sahani. Tarehe 15 Julai tozo ya miamala ilianza, kuanzia shilingi kumi hadi shilingi elfu kumi kwa muamala, juu ya makato ya kampuni. Mtakumbuka kelele zake. Mwezi Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Mimi nakumbuka zaidi nilichokiona stendi: bahasha zilirudi kwa makonda. Watu waliokuwa wamezoea simu kwa zaidi ya miaka kumi walirudi kwenye bahasha ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo noti haikuwa imekufa. Ilikuwa imekaa pembeni, inasubiri kuitwa. Kama isingekuwapo, tungelipa tozo ile tukiguna.

Sasa jambo linaloniumiza. Msimu ukifika, mkulima wa Mpui au Matai ana wanunuzi wa namna mbili. Wa kwanza anakuja na fuso mpaka mlangoni, ana debe lake, ana noti mkononi, na lumbesa yake inazidi gunia la kawaida. Wa pili ananunua kwa mzani na bei yake ni nzuri zaidi, kama Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, lakini unapeleka mzigo kituoni na malipo yanaingia kwenye akaunti. Kwa karatasi, hakuna haja ya kufikiri. Kwa maisha, mtoto amerudishwa nyumbani kwa ada leo, na mama yuko wodini leo. Inapotokea malipo ya akaunti yakachelewa wiki, au kama tulivyowahi kuona katika msimu mmoja mbaya, miezi, basi mwenye fuso hahitaji kudanganya mtu. Anapunga noti tu. Tofauti ya bei kati ya hao wawili ndiyo ya kutolea kubwa kuliko zote zinazolipwa katika mkoa huu, na inalipwa na asiyeweza kusubiri.

Nimekaa na hesabu za wakulima maisha yangu yote, nami nasimama hapa kusema wazi: fedha ya mavuno ipite kwenye akaunti au simu. Isitembee kwenye magunia, isifichwe darini. Lakini anayenunua mazao kwa njia hiyo alipe siku anayopima, na alipe na ya kutolea. Mtoto wa chuo anaiomba kwa baba yake na anapewa. Fundi anaiomba na anapewa. Mkulima anayeuza gunia mia mbona haombi? Iwekwe kwenye bei, iandikwe kwenye stakabadhi, mstari wake peke yake. Vyama vyetu vya msingi vianze kuidai msimu ujao.

Upande wa pili wa kauli yangu utawaudhi baadhi ya vijana wa mifumo waliomo humu. Pesa ndogo ya lazima isikataliwe kwa kuwa ni noti. Tangu mwaka 2017, kwa mfumo wa GePG, malipo ya serikali yamehamia kwenye kontro namba, na nimeona faida yake kwa macho yangu: fedha zilizokuwa zikiyeyuka kati ya dirisha na daftari sasa zinaonekana. Sitaki turudi kule. Ila nimesimama pia katika dirisha moja la huduma, silitaji, mtandao umelala, nyuma yangu mzee wa bondeni ameshika elfu kumi na tano mkononi, kamili, na anaambiwa hawezi kulipa. Pesa anayo. Mgonjwa anaye. Simu hana. Aliondoka kutafuta mtu wa kumlipia, na aliyempata alidai elfu mbili ya shukrani. Angalieni: alilipa ya kutolea kwa kugeuza noti kuwa namba. Safari ya kinyume kabisa, na aliyekatwa ni yuleyule.

Na mtandao kulala hapa kwetu siyo bahati mbaya ya siku moja. Kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga uliletwa kutoka Zambia, kwa kuwa gridi ya taifa ilikuwa haijatufikia. Mashine ya kadi kwenye hoteli ya mjini ilitegemea waya unaovuka mpaka. Noti haihitaji waya.

Wakubwa wa dunia wameanza kulielewa hili baada ya kulisahau. Uswidi ndiyo nchi ya kwanza Ulaya kutoa noti za benki, mwaka 1661, na katika miaka yetu hii imekuwa miongoni mwa nchi za kwanza kukaribia kuziacha. Huko kuna maduka yenye tangazo kwamba taslimu haipokelewi. Lakini Novemba 2024 serikali yao ilisambaza kijitabu kwa kila nyumba kuhusu kujiandaa kwa vita au dharura, na humo wananchi wanashauriwa pamoja na maji na chakula waweke noti nyumbani za kutosha angalau wiki moja, tena za thamani mbalimbali. Nchi yenye umeme usiokatika inawaambia watu wake waweke akiba ya karatasi. Sisi tulioishi miaka mingi kwa umeme wa kuazima tunataka kumfundisha mzee wa Mtowisa aione noti yake kama ushamba.

Kuna jambo lingine ambalo wanaume tuliomo humu tulisikilize kwa utulivu. Noti iliyofungwa kwenye pindo la kitenge haitoi ujumbe. Simu inatoa. Mke akiuza kuku na fedha ikaingia kwenye simu, mlio unasikika nyumba nzima na salio linaonekana. Wapo kina mama walioniambia kwamba wanapenda simu kwa sababu mume hawezi kuwanyang'anya wakilala, na wapo wanaoikwepa kwa sababu mume anaijua namba ya siri. Wote wana akili timamu. Nyumba zao zinatofautiana. Halafu ipo mikopo ya simu. Umekopa elfu ishirini usiku wa shida, umesahau au huna. Siku mwanao anapotuma hela ya dawa, mfumo unakata deni kwanza, dawa baadaye. Noti haijawahi kukamatwa njiani na deni kabla haijafika mkononi. Mdai wa zamani alikuja mlangoni, mkakaa kwenye gogo, mkaongea, akaona hali ya mgonjwa kwa macho yake. Nimeona wadai wakiondoka bila kudai.

Juu ya matapeli sitasema mengi, kila mmoja wenu amepokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Niseme tu kwamba aliyetapeliwa asichekwe. Kumcheka ndiko kunakomfanya anayefuata anyamaze.

Nirudi kwa shangazi. Baada ya noti zake kubadilishwa tulikaa kwenye benchi nje ya benki, jua la saa saba, upepo wa Sumbawanga ukivuta magauni ya watu. Nilimshauri afungue akaunti ya simu, nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi, pamoja na mabaya yake. Alinisikiliza. Alifungua pindo la kitenge, akaziweka noti kumi, akafunga mara mbili. Mbili alibaki nazo mkononi. Akaniambia nimpeleke kwa wakala, ana mjukuu chuoni Mbeya amekuwa akilalamika daftari zimeisha.

Kwa wakala alisimama kwenye foleni kama watu wote. Zamu yake ilipofika alitoa noti mbili mpya, elfu ishirini, akataja namba ya mjukuu kwa kuisoma kwenye kipande cha boksi la chai. Binti akabonyeza, akamuuliza, "Nitume ishirini, bibi?"

Shangazi aligeuka akanitazama, kisha akamrudia binti. "Ya kutolea shilingi ngapi?"

Akatajiwa. Alifungua tena pindo.